Gereji ya Wasomaji: Laptopu, kebo na taa ya cheki injini

Mwangaluka wasomaji wangu. Mwezi huu barua karibu zote zinaulizia kitu kimoja, laptopu na kebo, maana saivi hapa Tabora kila gereji unakuta kuna jamaa mmoja ana laptopu imejaa vumbi na grisi, na mi ni mmoja wao, yangu kitufe cha herufi E kiling'oka zamani nabonyezea ncha ya bisibisi. Nimechagua barua nane. Nyingine nimezifupisha mnisamehe, kuna mtu kaandika kurasa nne na gari yenyewe hajaitaja ni gari gani.

Shikamoo fundi. Mi ni fundi kijana niko hapa hapa Isevya, nimejichanga nikanunua kebo ya Mini VCI, ile ya kuunganisha laptopu na kompyuta ya gari, na sidii yake, na laptopu ya mtumba ina Windows 10. Techstream, programu ya Toyota ya kupimia gari, inafunguka vizuri tu ila nikichomeka kwenye gari inagoma inasema hakuna mawasiliano. Nimejaribu IST mbili na Noah moja. Washkaji kijiweni wananicheka wanasema nimepigwa. Ni kweli nimepigwa?

Marahaba dogo. Usiwasikilize kwanza. Gari tatu zikigoma zote ujue shida haiko kwenye gari, iko kwenye laptopu yako, na nina uhakika karibu wote ni draiva. Simaanishi suka wa Hiace, namaanisha kile kiprogramu kinachofanya Windows iitambue kebo. Hizi kebo za kopi draiva yake ilitengenezwa kwa Windows ya biti 32, na Windows 10 nyingi zinazokuja kwenye laptopu za mtumba ni biti 64, hapo ndo mnapishana. Zipo mbinu za kuizunguka kwa kuhamisha mafaili na kugusa rejista ya Windows, mi nimezifanya zikakubali, lakini ukikosea mstari mmoja unaanza upya. Kwa wewe unayeanza tafuta laptopu kuukuu hata ya RAM GB 2, iwekee Windows 7 ya biti 32, halafu iwe ya kazi hiyo tu, hakuna muvi hakuna miziki.

Ukishamaliza chomeka kebo kwenye laptopu peke yake bila gari, nenda kwenye orodha ya vifaa vya Windows uangalie kama imetokea bila ile alama ya njano ya mshangao. Imetokea? Fungua Techstream, ingia Setup, kuna mahali pameandikwa VIM Select, chagua Mini VCI. Wengi wanaruka hapa, mi mwenyewe mara ya kwanza nilikaa chini ya mwembe toka asubuhi mpaka adhuhuri napigana na Vitz ya watu kumbe sijachagua kebo. Kwenye eneo weka Japani maana hizi gari zetu ni za kule, siyo Ulaya wala Marekani, na swichi ya gari iwe oni kabisa taa za dashibodi ziwake, siyo ile ya kusikilizia redio.

Siku ukikuta gari moja tu ndo inagoma na nyingine zinakubali, hapo sasa hamia kwenye gari. Soketi ya OBD, ile ya kupimia gari, ina pini 16, chukua mita, waya mwekundu pini ya 16, mweusi pini ya 4, upate volti 12 na ushee hata swichi ikiwa ofu. Ukikosa angalia fyuzi iliyoandikwa OBD, mara nyingi kuna mtu alifunga redio au alamu akaunguza. Halafu ujue gari nyingi za Toyota za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinaongea kwa waya mmoja, pini ya 7, na za karibuni zinaongea kwa waya mbili za CAN, yaani mtandao wa kompyuta za gari, pini ya 6 na ya 14. Hizi za CAN zina kipimo kizuri sana, toa teminali ya betri, pima ukinzani kati ya 6 na 14, ukipata ohm 60 hivi laini nzima, ukipata 120 ujue kuna upande umekatika huko njiani, maana kila mwisho wa laini una rezista ya 120 na zikiwa mbili pamoja zinasoma nusu.

Na hiyo sidii uliyopewa ni programu iliyovunjwa, Toyota wenyewe wanaiuza kwa kulipia muda wa kutumia. Sikuhukumu, ila hiyo laptopu usiiingizie mambo yako ya benki.

Habari za kazi fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Ipuli, nina Raum. Taa ya cheki injini iliwaka, fundi akachomeka mashine akasema kodi, yaani namba ya hitilafu, ni P0171 na kwamba oksijeni sensa imekufa. Nikanunua, akafunga, akafuta, taa ikazima. Siku ya tatu ikawaka tena kodi ile ile. Sasa anasema nibadilishe na ya pili. Nimechoka na mfuko umechoka.

Pole sana dada mwalimu. Mashine haikukudanganya, aliyeisoma ndo kakudanganya, au kajidanganya na yeye. Herufi P ni injini na gia (ingekuwa C ni breki na usukani, B ni bodi, U ni kompyuta za gari kutosikilizana), sifuri inayofuata inaonyesha ni kodi ya gari zote siyo ya kampuni moja, na 0171 maana yake kompyuta imeona hewa nyingi mafuta kidogo. Sasa kompyuta imejuaje? Imeambiwa na hiyo hiyo oksijeni sensa inayonusa moshi kwenye ekzosi. Kwa hiyo kuanza kwa kuing'oa sensa ni kama kumfukuza sungusungu kwa sababu kapiga filimbi usiku.

Fundi alitakiwa asiishie kwenye kodi, aingie kwenye data za papo kwa papo injini ikiwa inaunguruma aangalie kitu kinaitwa fyueli trimu. Ni asilimia, inaonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta kiasi gani kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Zipo mbili, ya muda mfupi inayochezacheza na ya muda mrefu inayokaa. Gari nzima inazunguka karibu na sifuri, ikifika 10 kwenda juu au kushuka chini anza kuuliza maswali.

Nikupe mfano wa Raum kama yako, ilitoka Sikonge. Ikiwa sailensa, yaani imekaa tu inaunguruma, trimu ya muda mrefu inasoma jumlisha 24. Nikamwambia kijana akanyage mafuta aishike kwenye mizunguko 2500, nikaiona inashuka, 18, 13, mpaka ikakaa kwenye 7. Hapo sikuhitaji kodi tena. Injini ikitulia inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa ya wizi hata kidogo inaharibu hesabu, ukikanyaga hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani. Kwa hiyo kuna mahali panavuja hewa baada ya sensa ya hewa. Nikachukua kopo la kusafishia kabureta nikawa napulizia kidogo kidogo kwenye mipira (mbali na ekzosi, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, siyo mchezo), nilipofika kwenye mpira mdogo wa PCV, ule unaorudisha hewa chafu ya injini ikaungue, injini ikapanda mlio ghafla. Juu ule mpira ulikuwa mzuri kabisa unang'aa. Nikauchomoa nikaukunja, tumboni una ufa wa kidole kizima. Nikakata kipande cha mpira mpya, trimu ikarudi 3, na ile gari haijawahi kurudi kwangu kwa shida hiyo.

Ingekuwa kinyume chake, yaani ikitulia iko sawa ila ukikanyaga trimu inapanda, ningetafuta upande wa mafuta, pampu imechoka au chujio la kwenye tangi limeziba, au sensa ya hewa ina vumbi inadanganya hewa ni kidogo. Vumbi la kwetu hili mnalijua, na wengine wanatoa ea klina wanaipuliza kwa kompresa mpaka inatoboka halafu wanairudisha. Kwenye injini ya 1.5 kama yako ikiwa sailensa sensa ya hewa isome gramu 2 hivi kwa sekunde. Ikisoma chini sana, kuna dawa yake ya kupulizia, usiiguse kwa kidole wala kitambaa, ule waya ni mwembamba kuliko unywele.

Mwambie fundi wako akuonyeshe trimu kwenye skrini kabla hujatoa hata mia. Na jambo moja linaniuma, akiona kodi asikimbilie kufuta. Kodi ikiingia gari inapiga picha ya hali ilivyokuwa dakika ile, spidi, joto la injini, mzigo, trimu, inaitwa frizi fremu. Ukifuta na picha inaondoka. Ipige kwanza na simu.

Fundi, kwani lazima laptopu? Kuna kidude cha blutuuthi cha ELM327 naona kinauzwa bei poa natumia na simu. Dereva wa bajaji ila nina Vitz ya familia, Cheyo.

Kwa mwenye gari anayetaka kujua taa imewaka kwa nini, simu inatosha. Shida ni kopi. ELM327 yenyewe ilikuwa chipu ya Elm Electronics ya Canada, toleo lao la kwanza hawakulifunga watu wakalinakili, na mpaka leo unakuta kidude kimeandikwa toleo 1.5 wakati wenye chipu hawajawahi kutoa toleo la namba hiyo. Kampuni nayo ilishafunga 2022. Kopi nyingine zimepunguzwa, zinaongea CAN tu, ukiziweka kwenye Vitz ya 2003 zinakaa kimya. Na hata ukipata nzuri, gari za Japani za miaka ile nyingi hazijui ile lugha ya pamoja ya OBD, zinataka programu ya Toyota yenyewe, kwa hiyo simu ikikataa usidhani gari mbovu. Omba muuzaji ujaribie kwenye gari yako hapo hapo dukani. Na ukishasoma kichomoe, usikiache kinakula betri usiku kucha na yeyote mwenye simu anaweza akajiunga nacho.

Kama ni Ford Ranger au Mazda kuna FORScan, ya bure inasoma na kufuta vizuri tu.

Mwakeye fundi. Natokea Mwanga Kigoma, naendesha taksi. Mashine imesema P0420, fundi anasema atoe masega, yale ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, aweke bomba tupu, gari itakuwa nyepesi na taa itazima. Tena kasema kwa sababu ananipenda ufundi hatanitoza, nimwachie tu masega.

Hahaha. Huku kwetu Tabora mtu akikuomba masega anataka asali, huyo wako anataka platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yaliyomo kwenye masega ya gari, na wanunuzi wake wapo. Ndo maana ufundi ni bure.

P0420 maana yake masega hayasafishi moshi kama inavyotakiwa. Lakini inaweza kuja kwa sababu bomba linavuja karibu na sensa ya nyuma, au sensa yenyewe. Angalia data, sensa ya mbele (kama ni oksijeni sensa ya kawaida) inapanda na kushuka haraka kati ya volti 0.1 na 0.9, ya nyuma inatakiwa itulie sehemu moja, 0.6 au 0.7 hivi. Ukiona ya nyuma inaiga ya mbele kila inachofanya hapo masega yamekwisha. Kama bado imetulia anza na kuziba bomba. Na uliza kwanza kama gari ilikuwa inamisi, yaani silinda haichomi vizuri, maana mafuta ambayo hayajaungua yakienda kuungulia kwenye masega yanayayeyusha, ukiweka mapya bila kutibu plagi na koili nayo yanakwisha. Na taa haizimi kwa kuyatoa, ile sensa ya nyuma si ndo itazidi kulia.

Fundi nisaidie. Nina Hilux D4D nabebea mizigo Kaliua na Urambo. Nilifunga nozeli nne za mtumba, gari inawaka ila inagonga na inatoa moshi. Nimeambiwa lazima nozeli ziandikishwe kwa laptopu, mwingine anasema nibadilishiwe programu nzima ya kontroli boksi, kompyuta ya injini, iongezewe na nguvu. Nifuate lipi? Naogopa kuharibikiwa.

Unaogopa vizuri. Hapa ndo nataka tuelewane, maana watu wanasema kuprogramu kama vile ni kitu kimoja. Kuna kusoma, ambako gari haibadiliki chochote, hata mtoto akichomeka hana atakachoharibu. Kuna kuandikisha kitu kidogo, kama kodi ya nozeli, funguo, kuiambia sensa ya usukani sifuri yako ni hapa. Halafu kuna kufuta ubongo wote wa kontroli boksi na kuandika mwingine, wanaita kuflashi. Cha kwanza fanya kila siku, cha pili fanya kwa sababu, cha tatu uwe na sababu kubwa sana.

Wewe unahitaji cha pili. Nozeli za Hilux zenye injini ya 1KD na 2KD juu ya kichwa zimeandikwa kodi ya tarakimu 30, kila moja na yake, inaiambia kompyuta nozeli hii kiwandani ilipimwa inamwaga zaidi au pungufu kiasi gani. Kompyuta yako bado inahesabu kwa kodi za zile za zamani. Zisafishe vichwa kwa mswaki na petroli, piga picha kila moja na uandike iko silinda ya ngapi, usichanganye. Ni namba 0 mpaka 9 na herufi A mpaka F tu, kwa hiyo ukiona duara ni sifuri, hakuna O humo. Techstream ina sehemu yake ya kuingiza, unafanya moja moja. Ila kabla ya kumlipa mtu pima marejesho ya nozeli, chomoa laini za kurudishia mafuta, kila moja iingie kwenye chupa yake, washa dakika moja. Yenye chupa iliyojaa kuliko wenzake imechoka, na nozeli iliyochoka hata ukiiandikishia kodi ya dhahabu haifufuki. Mtumba ni mtumba.

Kuflashi nguvu achana nako, na nakwambia kwa kilichonikuta. Kuna mwaka nililetewa Prado, mwenyewe anataka programu mpya, nikasema mbona rahisi. Laptopu yangu betri ilikuwa imekufa nikaunganisha ekstensheni kutoka dukani kwa jirani. Betri ya gari nayo niliiona 12.2 nikapuuza, swichi oni, feni inazunguka, taa za ndani zinawaka maana mlango uko wazi. Mstari wa kijani unatembea, 40, 50, 60, kwenye 63 umeme ukakatika mtaa mzima. Skrini nyeusi. Nilibaki nimeshika kebo kama mtu aliyeshika mkia wa mbuzi na mbuzi kaondoka. Umeme uliporudi gari inazungusha stata ila haiwaki, na laptopu inasema hakuna mawasiliano. Ubongo umefutwa nusu haujaandikwa nusu. Kontroli boksi ilifunguliwa bolti ikapanda basi kwenda Dar kwa mtaalamu anayeifungua na kuiandika mezani, siku tisa, na nauli na ufundi vyote nililipa mimi, mwenye Prado mpaka leo ananisalimia kwa mbali.

Toka siku hiyo hata kuandikisha nozeli nafunga betri ya pili nzima sambamba na ya gari, mita inaning'inia nione volti hazishuki chini ya 12.5 muda wote, redio, taa, feni ya ndani ofu, laptopu imejaa chaji na nimeizuia isilale wala isijiapdeti katikati ya kazi. Chaja kubwa za gereji za kuchajia betri siziwashi, nyingi umeme wake unarukaruka. Na hii Mini VCI ya kopi siflashii kitu, inasoma vizuri, inaandikisha vizuri, zaidi ya hapo haikutengenezwa.

Jina kapuni, Nzega. Fundi nina gari nataka kuuza, ina kilomita 240,000, naomba kujua programu ipi inashusha ibaki hata 90,000. Nitakupoza.

Sitakuelekeza, huo ni wizi wa mnunuzi. Ila nikwambie tu mnunuzi akija na fundi anayejua kazi, gari nyingine zinaweka kilomita mahali zaidi ya dashibodi, na pedali ya breki iliyoisha mpira na usukani uliong'aa haviprogramiki.

Fundi nina Premio funguo ni moja tu, Urambo. Naweza kuandikishiwa ya pili kwa laptopu?

Simama nje gari ikiwa imezimwa, angalia dashibodi, kuna kitaa chekundu kinapepesa? Kama hakuna, yawezekana gari yako haina imobilaiza, ile ya kuzuia wizi, kabisa, gari nyingi zilizouzwa Japani kwenyewe hazikuwekewa, basi funguo ya kuchonga tu inatosha, usimlipe mtu hela ya kuprogramu. Kama kipo, ndani ya kichwa cha funguo kuna chipu, swichi ina koili inaisoma, kompyuta ikiikubali ndo inaachia injini. Ukiwa na funguo kuu kuongeza ya pili ni kazi ya dakika chache. Funguo ndogo ya akiba, ile wanayopewa wa kuegesha, haiwezi kuongeza mwenzake. Zikipotea zote ndo balaa, inabidi kuomba namba ya siri ya kuzifuta au kufungua boksi na kusoma kumbukumbu yake, na bei inaruka mara nyingi. Kwa hiyo fanya mapema hiyo moja ikiwa bado mfukoni. Na fundi akikuomba kadi ya gari na kitambulisho usimnunie, yule asiyeuliza ndo umwogope, maana hata mwizi akienda hatamuuliza.

Mzee wangu, nina Carina TI nafanyia kazi Ujiji na Kibirizi. Kila fundi wa laptopu akija anatafuta soketi ya pini 16 haioni anaondoka. Kwani gari yangu haipimiki?

Inapimika, tena bila laptopu. Fungua boneti, karibu na injini kuna kiboksi cheusi kina kifuniko kimeandikwa DIAGNOSIS. Kifungue, upande wa ndani wa kifuniko kuna ramani ya matundu. Tafuta TE1 na E1, chukua kipande cha waya au ile klipu ya karatasi uinyooshe, unganisha hayo mawili tu, na uwe makini usiguse +B maana hiyo ni umeme mtupu. Washa swichi oni bila kuwasha injini, halafu kaa uangalie taa ya cheki injini. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kodi. Ikipepesa mbili, ikapumzika, ikapepesa mbili, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji au waya wake. Tatu na moja ni 31, upande wa sensa ya hewa. Nne na moja ni 41, sensa ya throto. Ukiwa na kodi zaidi ya moja zinakuja kwa kupangana kuanzia ndogo, kwa hiyo shika kalamu usitegemee kichwa. Ukimaliza matengenezo ofu swichi, chomoa waya wako, toa fyuzi ya EFI sekunde kumi hivi na ushee, irudishe, kodi zimefutika.

Sasa kama ukiweka swichi oni hata hiyo taa yenyewe haiwaki kabisa, kabla hujafanya lolote fungua dashibodi uangalie nyuma ya mita, nimekuta Carina mbili aliyeuza alishachomoa balbu.